Kasuku wa Marehemu

Nilioa mjane, na mjane alikuwa na kasuku. Watu wa mtaa wetu, Kizwite, walinionya juu ya mengi: kwamba nyumba ni ya marehemu, kitanda ni cha marehemu, na mwanaume anayehamia kwa mwanamke hatandikiwi, hujitandikia mwenyewe. Juu ya kasuku hakuna aliyenionya. Kwao alikuwa ndege tu.

Marehemu alikuwa dereva wa lori. Aliendesha kati ya Sumbawanga na Kasanga, akipita Matai, ambako ndiko alikompata huyu aliyekuja kuwa mke wangu. Safari moja alirudi na kinda la kasuku ndani ya kopo la maziwa ya unga, amelinunua kwa watu waliovuka ziwa kutoka ng'ambo. Akalilea kwa uji wa ulezi kwenye ncha ya kijiko mpaka likawa ndege mzima wa kijivu, mkia mwekundu, jicho la njano linalokutazama kwa upande kama karani aliyekuomba cheti usichokuwa nacho. Nilipohamia mimi, marehemu alikuwa na miaka mitatu kaburini, na binti yao wa pekee alikuwa ameolewa Mollo. Ndani ya ile nyumba tulibaki watatu, na mmoja wetu alikuwa na sauti yote ya marehemu.

Ndiyo, yote. Alipiga mluzi wa marehemu. Alirudisha lori nyuma kila asubuhi: "Twende, twende, twende, hapo hapo!" Alikohoa kikohozi cha marehemu, kile cha wiki za mwisho, maana yule bwana alikufa kwa kifua na ndege alikuwa kizimbani mwake pale pale sebuleni akisikiliza. Hayo niliyavumilia. Lililonishinda ni la geti. Geti letu lilikuwa la bati, bawaba zake zikilia ukilisukuma, na kila lilipolia kasuku alisema kwa sauti nzito ya mwanaume aliyechoka lakini mwenye furaha:

"Nimefika, mke wangu."

Na mke wangu, popote alipokuwa, aliitikia: "Karibu, mume wangu."

Hebu fikiria. Nimeshinda mjini kutwa nzima kwenye baraza la duka nikikanyaga cherehani, mgongo unaniuma, upepo wa Sumbawanga umenikausha midomo. Nasukuma geti, na kabla mguu wangu haujaingia uani, mwanaume mwingine ameshafika. Naona mlangoni uso wa mke wangu unafunguka, mikono anaifuta kwenye kanga, macho yanatangulia. Kisha yananiona mimi. Sitamsingizia kwamba alinuna, hakununa hata siku moja. Alitabasamu. Ila lilikuwa tabasamu la pili, na mimi nililijua la kwanza lilikuwa la nani. "Fundi, umerudi," aliniambia.

Fundi. Mji mzima uliniita Fundi, wateja, majirani, hata mzee wa duka niliyeweka cherehani barazani kwake. Siku moja nilimuuliza mke wangu kwa nini naye ananiita hivyo. Akashangaa kweli. "Si ndiyo kazi yako?" akasema, akaendelea kuchambua maharage. Na udereva ulikuwa kazi ya nani, nilitaka kumuuliza.

Niliona wivu. Nalisema wazi kwa sababu nimezeeka na wivu umenisindikiza muda mrefu kiasi kwamba kuuficha ni kumkana ndugu. Niliwaonea wivu wanaume walio hai vilevile, lakini mwanaume aliye hai unaweza kumvizia, ukamkuta na kosa, ukapumua. Marehemu hakosei. Amekwisha kufanya yote aliyokuwa anafanya, na mke wangu alikuwa amekwisha kuyasafisha yote kwa machozi. Halafu juu ya hapo ana mwakilishi sebuleni, analishwa alizeti. Nilimwita yule ndege "mwenye nyumba". Mke wangu alicheka, akidhani ni utani.

Zama zile zilikuwa za ruksa. Maduka ya mjini yalijaa ghafla vitu ambavyo miaka michache nyuma ungevisikia tu kwa wasafiri. Kwangu ruksa ilikuja na baraka na laana kwa pamoja. Mitumba ilipanda mpaka Ufipa, ikamwagwa chini kwenye maturubai, na watu waliokuwa wakiniletea kitambaa nikate suruali sasa waliniletea suruali ya Mzungu asiyejulikana nimpunguzie kiuno. Niliionea wivu hata ile mitumba, jinsi ilivyoshonwa vizuri na mtu ambaye sitamwona. Lakini faida ilikuwepo: hata fundi sasa angeweza kumnunulia mkewe kitu.

Hilo nililishika kwa mikono miwili. Kwani enzi za marehemu maduka yalikuwa matupu, na dereva wa lori alikuwa mfalme. Alileta sabuni, akaleta sukari, akaleta blanketi kutoka mpakani, na wanawake wa mtaa mzima waliijua harufu ya sabuni ya mke wake. Mke wangu aliisimulia sabuni ile moja kama watu wanavyosimulia safari ya Maka. Nikasema moyoni, subiri. Nitamletea ambacho yule hakuwahi hata kukiota.

Nikamletea jiko la mafuta ya taa. Lilikuwa la kijani, lenye tambi kumi. Nililibeba kichwani kutoka dukani mpaka Kizwite ili watu walione. Ilikuwa mwezi wa sita, upepo unashuka kutoka vilima vya Mbizi na kupasua ngozi, na mke wangu alikuwa akipikia nje kwenye banda la kuni, akirudi ndani anatetemeka. Nikaliweka jiko kwenye kona ya sebule. Nikamwambia, kuanzia leo banda uwaachie kuku. Alilizunguka mara mbili, akaligusa, akasema, "Fundi, umenitoa kwenye moshi." Siku ile nililala nikiwa mrefu.

Ningeishia hapo. Lakini mwenye wivu akishinda mara moja hutaka kushinda na kesho yake. Madirisha yalipitisha baridi, nikayaziba pembeni kwa vipande vya kitambaa. Chini ya mlango palipita upepo, nikashona mfuko mrefu, mwembamba, nikaushindilia vipande vya mitumba, nikaulaza pale kizingitini kama nyoka aliyeshiba. Sebule ikawa na joto la kupendeza, ila ikanuka mafuta ya taa. Nikarudi dukani nikanunua kopo la marashi ya kupuliza, lenye picha ya waridi. Kila alipomaliza kupika, mke wangu alipuliza huku na huku, akavuta pumzi, akanitazama kwa furaha. Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Na kwa kuwa baridi ni baridi kwa kila kiumbe, yeye mwenyewe alikisogeza kizimba cha kasuku kutoka dirishani, akakitundika karibu na jiko, mwenye nyumba naye apate joto.

Jumatatu moja nilisahau mkasi nyumbani. Nikaurudia katikati ya asubuhi, nikapita njia ya nyuma bila kufungua geti. Mke wangu alikuwa kisimani. Nikasikia kikohozi sebuleni, kile cha marehemu, kikavu, mara tatu. Nilikaribia kupita. Kisha nikasimama, kwa sababu kuna jambo nililijua kuhusu yule ndege ambalo hata mwenye kumpenda hakulijua: hakuwahi kuiga bila watazamaji. Akikohoa, hukutazama kwanza kwa lile jicho, hunyamaza kidogo kuona kama umeshtuka, kisha husubiri alizeti yake. Peke yake chumbani hula, hujichana manyoya, husinzia. Sasa alikuwa anakohoa ndani ya nyumba tupu.

Nikachungulia. Alikuwa amejivimbisha manyoya yote, macho nusu. Na mkia wake, ule mwekundu, ulikuwa unapanda na kushuka, unapanda na kushuka, kwa kila pumzi, kama mguu wangu kwenye pedali ya cherehani. Ndege aliyetulia mkia wake hutulia. Huyu alikuwa amesimama kimya lakini anafanya kazi ngumu, na kazi yenyewe ilikuwa kupumua. Sauti ya mtu unaweza kuiga. Mkia hauigi.

Nilijua pale pale. Nikachukua mkasi wangu, nikarudi mjini.

Jioni ile geti lilipolia, sauti ilitoka imechanika: "Nimefika, mke..." ikaishia hapo. Mke wangu akajibu kama kawaida. Kikohozi kilipoanza alikaa chini ya kizimba na kuegemeza kichwa ukutani. "Unamsikia?" akaniambia. "Anamkumbuka mwenzake. Ilikuwa miezi ya baridi kama hii alipolala." Alikuwa anatabasamu na machozi yanamtoka, na mimi nilikuwa nimeshika kijiko. Nilikula chakula changu chote. Maharage yalikuwa matamu, yamepikwa kwenye jiko langu.

Jumanne mdomo wa kasuku ulikuwa wazi muda wote, shingo ameinyoosha, na pumzi ikitoa mlio mdogo kama wa karatasi ya nailoni ikiminywa. Alizeti alizimenya akaziangusha. Mke wangu alimfunikia kizimba kwa blanketi, lile la mpakani la marehemu, akisema ni baridi. Chini ya blanketi hewa ilizidi kuwa nzito. Nililiona hilo pia. Nilijiambia kwamba kila chenye uhai kina siku yake, kwamba mimi si mganga wa ndege, kwamba Mungu akitaka kumchukua mtu mara ya pili ni shauri lake. Ukweli ni kwamba nilikuwa naisikia tayari ile siku nitakayosukuma geti na kufika mimi mwenyewe, peke yangu, ndani ya nyumba yenye mume mmoja. Nilikuwa na furaha. Sijapata kumwambia mtu yeyote hili.

Jumatano nikalipata nililolitaka. Nilisukuma geti, likalia, na ndani kukawa kimya. Mke wangu akatoka na mikono imelowa. Macho yake yalikuja moja kwa moja kwangu, ya kwanza kabisa, hayakupitia kwa mtu. Na hayakuwa na kitu ndani yake.

"Nani?" akauliza.

Nilikuwa nimesimama hatua sita mbele yake, jua halijazama. Si kwamba hakuniona. Alikuwa anasikiliza nyuma ya mgongo wake, na swali lilimtoka kama linavyomtoka mtu aliyeamshwa. Kisha akageuka, akakimbia sebuleni, nami nyuma yake, akalivuta blanketi. Kasuku alikuwa chini kwenye sakafu ya kizimba, mabawa yamelegea, mdomo wazi, mkia ukipiga.

Sikuwahi kumwona mke wangu akiogopa. Nilimwoa akiwa amekwisha kuogopa kote. Alifungua kizimba, akasema atamkamata amchue kifua kwa dawa ya kuchua, amwekee samli na asali mdomoni, alivyokuwa akimfanyia marehemu. Mlango wa kizimba uligonga chuma. "Fundi," akasema, "akienda huyu, nimebaki na nini chake?" Nami nilijua jibu, na nilijua limekaa siku tatu kifuani kwangu. Nikamwambia asimguse mpaka nirudi.

Nilikimbia. Mtu pekee niliyemjua wa mambo hayo alikuwa bwana mifugo, ambaye suruali zake mbili zilikuwa kwangu kupunguzwa. Kutwa alikuwa kwenye maboma ya Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao upande wa bondeni, akichanja. Nilimkuta anaifuta pikipiki yake vumbi.

"Ndege?" akasema. "Fundi, mimi ni mtu wa ng'ombe."

"Anapumua kwa mkia," nikamwambia.

Akaacha kucheka, akaniambia nipande nyuma.

Alipofika hakwenda kizimbani. Alisimama mlangoni, akanusa. Akatazama jiko la kijani. Akatazama vitambaa nilivyoziba madirishani. Akaukanyaga mfuko wangu wa kizingitini, akauokota, akaupima mkononi. Akaliona kopo la waridi. Nilimtazama akiikusanya sebule yangu kipande kwa kipande, nikaelewa kabla hajafungua mdomo. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi ni fundi nguo.

"Mama, shikamoo," akamwambia mke wangu, kwa kuwa alimzidi umri. "Huyu hana kosa la baridi. Huyu amekunywa moshi." Akaeleza kwamba ndege si kama sisi. Mapafu yake ni madogo lakini hewa inapita mwilini mwake mote, kwa hiyo kinachokufanya wewe upige chafya moja kinaweza kumuua yeye. Mafuta ya taa, mkaa, marashi, moshi wa sigara, vyote ni sumu kwake, na vikifungiwa ndani ni vibaya zaidi. Akasema pia kwamba ndege huficha ugonjwa mpaka anashindwa kuuficha, kwa hiyo ukiona mdomo wazi na mkia unapiga, usisubiri hata siku moja. Aliposema "hata siku moja" nilitazama chini.

"Nilitaka kumchua kifua," mke wangu akasema.

"Ungemmaliza. Yeye hupumua kwa kutanua kifua. Ukimshika kifuani umemziba. Na usimtilie kitu mdomoni, kitaingia kwenye njia ya hewa. Sasa hivi anataka vitu vitatu: hewa safi, joto, na kuachwa."

Hewa safi na joto kwa pamoja, katika mwezi ule, katika nyumba ile. Kulikuwa na chumba kimoja tu ambacho moshi haukuwa umekigusa. Kilikuwa changu, chumba kidogo cha mbele nilichokiomba siku ya kwanza nilipohamia. Ndani yake kulikuwa na cherehani yangu ya akiba, vitambaa, na meza niliyokatia. Hakikuwa na hata msumari wa marehemu. Ndiyo sababu nilikipenda.

"Mlete humu," nikasema.

Tulibeba kizimba polepole, bila kumgusa. Nilitoa cherehani nikaiweka barazani kwetu, nikaacha chumba kitupu. Tulijaza maji ya moto kwenye chupa, tukazifunga kwa vitambaa, tukazipanga upande mmoja wa kizimba ili akitaka joto asogee na akichoka ajitoe. Dirisha liliachwa wazi kidogo, upande usio na upepo. Bwana mifugo akasema atamuuliza mkubwa wake, daktari, juu ya dawa, lakini dawa ya kiumbe mdogo haikisiwi, hupimwa kwa uzito. Nikaenda kuazima mizani kwa mzee wa duka. Mtaa mzima uliniona nimebeba mizani na mawe yake, wakaniuliza Fundi unauza nini leo. Tulimpima ndani ya kikapu chenye kifuniko, kisha tukapima kikapu kitupu. Hakufika nusu kilo. Nilisimama nikayatazama yale mawe madogo. Yule niliyekuwa nikigombana naye miaka miwili, huo ndio ulikuwa uzito wake.

Daktari mwenyewe alileta dawa kesho yake, akamsikiliza mgonjwa kwa mbali, akatuonyesha namna ya kuichanganya na uji kidogo ili ale kwa hiari. Mke wangu alijaribu, mkono ukakataa kutulia. Nikachukua kijiko mimi. Mkono wa fundi hautetemeki, umezoea kutunga uzi. Kasuku alinitazama kwa upande, akafikiri, kisha akanyoosha mdomo na kula uji wa ulezi kwenye ncha ya kijiko changu. Nilijua nani alianza kumlisha hivyo. Nikaendelea kushika kijiko.

Jioni hiyo nilimwambia mke wangu kwamba ni jiko langu. Alikuwa anawasha kuni kule bandani, moshi umemzunguka tena kama zamani.

"Hukujua," akasema bila kugeuka.

Neno moja tu, na alinipa kwa wema wake wote. Ningeweza kulirudisha. Badala ya kumwambia ya Jumatatu, nikamwokotea ukuni ulioanguka. Akiusoma ukurasa huu, basi, atajua.

Siku za kwanza nilishinda barazani na cherehani nikichungulia dirishani. Kila nilipoinua macho nilitazama mkia. Ulipiga, ukapiga, kisha asubuhi moja ukawa unapiga kidogo, na wiki ya pili ukatulia. Akapanda kijiti chake. Akaanza kumwaga maganda ya alizeti juu ya kitambaa cha mteja nilichokiacha dirishani. Nilimgombeza, nikajikuta nacheka. Daktari alipopita tena alifurahi, ila akasema neno moja la kututahadharisha: sauti ya ndege haitoki kooni kama yetu, inatoka ndani kifuani, na hapo ndipo palipoungua. Inaweza kurudi, inaweza isirudi.

Haikurudi. Mwezi ukaisha bila mluzi, bila lori, bila kikohozi. Geti lililia, na ndani ya nyumba hakuna aliyefika. Kila mara nilimwona mke wangu akiinua kichwa, akisubiri, akikiinamisha. Akanikaribisha kwa upole, "Fundi, umerudi," na ni kweli, lilikuwa karibisho la kwanza siku hizo, hakuna aliyelitangulia. Adui yangu alikuwa amenyamazishwa na mkono wangu mwenyewe, na sikusikia raha yoyote.

Kisha jioni moja nilisukuma geti na halikulia. Nikalisukuma tena. Lilifunguka kimya kabisa. Nikainama nikagusa bawaba, vidole vikatoka na mafuta laini, mepesi, ninayoyajua kwa harufu. Yalikuwa mafuta ya cherehani yangu. Mke wangu alikuwa ameyachukua kwenye droo, akazipaka bawaba zote mbili ili geti lisilie, ili asiwe anasubiri. Nilikaa barazani mpaka akaniita kula.

Nilikuwa na kitu kimoja ambacho hakuna mwingine duniani alikuwa nacho. Majirani walimkumbuka marehemu kwa sura, mkewe alimkumbuka kwa mapenzi, na mapenzi husahau. Mimi sikuwahi kumwona hata siku moja, lakini miaka miwili nilikuwa nimeisikiliza sauti yake kwa chuki, kila jioni, mpaka niliijua kama mshono. Nilijua alivyovuta "nimefika" katikati, akaliburuza kama anavua viatu. Nilijua "mke wangu" ilivyofuata haraka na chini, ya mtu aliyekwisha kukaa.

Nikaanza. Mke wangu alipokwenda sokoni, au msibani, au Mollo kwa binti yake, niliingia chumbani, nikafunga mlango, nikakaa mbele ya kizimba na mfuko wa alizeti. "Nimefika, mke wangu." Kasuku akanitazama. "Nimefika, mke wangu." Nilishusha sauti mpaka kifua kikauma. Mtu mzima, mtu mwenye mvi, nikijifunza kuwa mwanaume mwingine ndani ya chumba changu mwenyewe. Siku nyingine nilikasirika nikamwaga alizeti sakafuni na kutoka. Nikarudi. Niliendelea mpaka mvua za kwanza zikanyesha na watu wakashika majembe. Bawaba nilizisugua kwa kitambaa chenye mafuta ya taa mpaka mafuta ya cherehani yakaisha, na geti likaanza kulia tena kidogo kidogo. Mke wangu alidhani ni mvua.

Kizimba tulikuwa tumekirudisha sebuleni, dirishani, ambako hakupikwi tena kitu. Jioni moja nilisukuma geti, nikiwa na suruali za watu begani. Kutoka ndani ikaja sauti nzito, yenye mikwaruzo, ya mwanaume aliyechoka lakini mwenye furaha:

"Nimefika, mke wangu."

Kitu kilianguka bandani, sufuria nadhani. Mke wangu akatoka mbio, kanga inaburuzika, uso umefunguka wote, macho yametangulia. Alipita mlangoni bila kuniona, akaenda moja kwa moja dirishani, akashika nyaya za kizimba kwa mikono miwili.

"Karibu," akasema. "Karibu, mume wangu."

Niliisikia sauti ile kwa mwili mzima. Kwa kuwa nilijua mikwaruzo ile, na ule udhaifu mdogo mwishoni ambao marehemu hakuwa nao, ambao sikuweza kuuondoa kwa namna yoyote. Ilikuwa sauti yangu. Mke wangu alikuwa amenijibu mimi, aliniita mume wake kwa mara ya kwanza, na alikuwa amenipa mgongo.

Miaka imepita. Geti tumebadilisha, bawaba mpya nazo nimeziacha zilie. Kila jioni nafika mara mbili. Mara ya kwanza anaitikia kwa moyo wote, akiwa bado ndani, na mimi nasimama pale uani nikisikiliza, nikiona wivu. Kisha naingia.

"Fundi," huniambia, "umerudi."